Dimbwi kavu si dimbwi tupu: historia ya samaki mdogo wa Katanga

Mwaka 1938 jina la Bukama liliandikwa katika jarida moja la elimu ya wanyama lililochapishwa Ubelgiji. Sababu haikuwa shaba, wala reli, wala mashua za mto Lualaba. Ilikuwa samaki mdogo, asiyepita urefu wa kidole cha mtu mzima, aliyevuliwa huko Bukama. Wataalamu walimpa jina la Nothobranchius brieni. Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya 80, na ndugu za samaki huyo wamegunduliwa sehemu nyingine za Katanga, mpaka Luapula. Lakini wakaaji wengi wanaoishi karibu na maji yake hawajawahi kusikia habari zake.

Si ajabu. Samaki huyu hauzwi sokoni. Ni mdogo mno kwa kitoweo, na miezi mingi ya mwaka haonekani kabisa. Anaishi katika madimbwi ya mvua, yale yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Dimbwi likikauka, mtu anaona udongo mweusi uliopasuka na majani makavu, basi. Anasema hapa hakuna kitu. Historia ya samaki huyu inaonyesha kwamba maneno hayo si ya kweli, na kwamba yamesababisha hasara, kwa samaki na hata kwa watu.

Maisha ya miezi michache

Katika Katanga mvua hushika nguvu mwezi Novemba na kumalizika karibu Aprili. Baada ya hapo unakuja wakati wa ukavu, ambao wengi huuita kipwa. Katika mabonde ya majani yanayoitwa dembo, na kando ya mito kama Lualaba, Lufira na Luapula, maji hubaki yametuama mahali penye udongo mzito wa mfinyanzi. Mengine hukaa wiki chache, mengine miezi kadhaa. Halafu jua linayamaliza.

Samaki wengine wana njia zao za kujiokoa. Kambale anaweza kujivuta kwenye majani yenye unyevu akitafuta maji mengine. Kamongo hujichimbia kwenye tope, akalala humo akipumua hewa mpaka mvua irudi. Samaki wetu mdogo hana uwezo huo. Maji yakiisha, anakufa. Madume na majike wote wanakufa, kila mwaka, hasalii hata mmoja. Kinachobaki ni mayai.

Mayai hayo hayatagwi kwa mafungu kama ya tilapia. Dume humkaribia jike, humfunika kwa pezi lake la mgongoni, na wote wawili hujisukuma chini kwenye tope. Hapo yai moja linaachwa. Kisha wanasogea na kurudia. Hufanya hivyo siku kwa siku, tangu wanapokomaa mpaka wanapokufa. Kila yai lina upana wa milimita 1 hivi, na ganda lake ni gumu. Maji yanapokauka, yai limefichwa ndani ya udongo, na udongo wa mfinyanzi hushika unyevu kidogo hata pale ambapo juu umepasuka.

Ndani ya yai hilo mtoto wa samaki hasubiri tu kwa subira ya kawaida. Anasimamisha ukuaji wake. Wataalamu huita usingizi huo diapozi, na wamegundua kwamba unaweza kutokea katika hatua 3. Ya kwanza ni pale yai lilipo bado chembechembe zilizotawanyika. Ya pili ni pale mwili umeanza kuonekana na moyo umeshajitengeneza. Ya tatu ni pale mtoto ameshakamilika, ana macho, na anangoja maji tu. Katika hali hiyo anatumia nguvu kidogo sana, kama taa iliyoshushwa utambi.

Mvua ya kwanza nzito inapojaza dimbwi, mayai yaliyo tayari hupasuka kwa saa chache. Watoto wanaanza kula wadudu wadogo sana wa majini, na wanakua kwa haraka ambayo ni vigumu kuamini. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo yao kutoka Msumbiji juu ya ndugu mmoja wa samaki hawa, Nothobranchius furzeri. Walikuta kwamba katika madimbwi ya huko anaweza kukomaa na kuwa tayari kuzaa siku 14 tu baada ya kutoka kwenye yai. Kati ya wanyama wote wenye uti wa mgongo, haijaandikwa habari ya mwingine anayekomaa upesi kuliko huyo.

Ndiyo maana katika vijiji vingi vya Afrika watu wamesema kwamba samaki hawa wanaanguka na mvua kutoka mbinguni. Walikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Jana palikuwa na vumbi, leo pana maji, na baada ya wiki 3 pana samaki wazima wenye rangi, madume yakiwa na mapezi mekundu au ya buluu, majike yakiwa ya kijivu. Hakuna mto unaofika hapo. Wangetoka wapi?

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo limewaokoa kwa vizazi vingi. Mayai hayaamki yote kwa wakati mmoja. Mvua ikinyesha mwezi Novemba halafu ikakatika, dimbwi linaweza kukauka kabla watoto hawajazaa. Kizazi hicho kinapotea chote. Lakini ndani ya udongo yamebaki mayai mengine ambayo hayakuamka, yanayongoja mvua inayofuata, hata ya mwaka mwingine. Ni kama familia ya wakulima isiyopanda mbegu zote siku moja, kwa sababu haiamini mawingu ya kwanza.

Kutoka Msumbiji na Unguja mpaka Bukama

Wazungu waliokusanya wanyama wa Afrika walianza kuwaandika samaki hawa karne ya 19. Mjerumani Wilhelm Peters aliwakuta Quelimane, pwani ya Msumbiji, na akachapisha maelezo ya aina ya kwanza mwaka 1844. Mwaka 1868 yeye huyo akatunga jina la ukoo mzima, Nothobranchius. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akaandika juu ya aina inayoishi kisiwa cha Unguja, huko Zanzibar. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hawa ni samaki wa pwani ya mashariki na mabonde ya karibu nayo.

Katanga iliingia katika historia hiyo kwa sababu ya reli. Njia ya gari moshi kutoka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ilifika Bukama mwaka 1918. Hapo abiria na mizigo vilihamia kwenye mashua za mvuke na kuteremka Lualaba kuelekea kaskazini. Mwaka 1928 reli nyingine kutoka Bukama ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, upande wa Kasai. Mji ukawa njia panda. Waliopita hapo walikuwa wafanyakazi wa migodi, wachuuzi, askari, wamisionari, na baadaye wanasayansi.

Mmoja wao alikuwa Paul Brien, profesa wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Bruxelles. Alikusanya samaki wa Katanga na kuwapeleka Ubelgiji. Huko Max Poll, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la Tervuren, aliwachunguza mmoja baada ya mwingine, akahesabu miiba na magamba yao, na mwaka 1938 akachapisha orodha. Kati yao palikuwa na aina ambayo haijaandikwa na mtu. Poll aliipa jina la profesa aliyeileta: brieni.

Ni vizuri kukumbuka kwamba samaki huyo hakuwa mgeni kwa bonde lile. Watu wameishi na maji ya Upemba kwa zaidi ya miaka 1,000. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, yalionyesha jamii ya wavuvi waliofua shaba na kufinyanga vyungu vizuri sana. Wazazi wa wazazi wetu walijua lini mto unapanda, wapi maji yanabaki na wapi yanaondoka. Kilichoanza mwaka 1938 ni jina la Kilatini na chupa yenye dawa ya kuhifadhi maiti ya samaki. Samaki mwenyewe alikuwepo tangu zamani.

Mwaka uliofuata, 1939, serikali ya kikoloni ikaunda mbuga ya Upemba. Kati ya 1946 na 1949 ujumbe ulioongozwa na Gaston-François de Witte ulizunguka mbuga hiyo ukikusanya wanyama na mimea. Vitu vilivyokusanywa vilijaza vitabu vingi. Vitabu hivyo vilikuwa kwa Kifaransa na viliwekwa mbali.

Majina ya nchi yalibadilika, samaki akabaki

Uhuru ulikuja 1960. Kongo ikawa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikaitwa Shaba. Kwa samaki wa madimbwi, sura mpya ilifunguliwa mwaka 1978. Mholanzi Rudolf Wildekamp aliandika upya maelezo ya samaki wa Bukama, kisha akaongeza aina 3 mpya kutoka mkoa wa Shaba. Moja aliiita polli, kwa heshima ya Max Poll. Nyingine aliiita malaissei, kwa heshima ya François Malaisse, aliyesomesha na kuchunguza misitu ya miombo akiwa Lubumbashi. Ya tatu ni symoensi, kwa heshima ya Jean-Jacques Symoens, mtaalamu wa mimea ya majini aliyefundisha pia chuo kikuu katika mji huohuo.

Mwaka 1997 Zaire ikarudi kuwa Kongo, na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2004 ikaandikwa aina nyingine kutoka bonde la mto Lufwa, Katanga. Mwaka 2014 Béla Nagy akaandika aina kutoka bonde la Luapula, upande wa Kongo, na akaiita chochamandai. Jina hilo linamheshimu Auguste Chocha Manda, mtaalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Baada ya majina ya maprofesa wa Ulaya, ukoo huu ukabeba jina la Mkongomani aliyefanya kazi kwenye mito ya kwao. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa mikoa 4: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika.

Kwa hiyo mtu mwenye umri wa miaka 90 huko Bukama amezaliwa katika Kongo ya Wabelgiji, ameishi Katanga iliyotaka kujitenga, amepiga kura Zaire, na leo ni mkaaji wa Haut-Lomami. Samaki wa dimbwi la nyuma ya nyumba yake amepitia hayo yote bila kuhama. Hawezi kuhama. Na hapo ndipo tatizo lake lilipo.

Umaarufu wa mbali

Wakati hapa nyumbani hajulikani, ukoo huu umepata umaarufu mkubwa katika maabara za nje. Yule Nothobranchius furzeri alikusanywa mwaka 1968 katika eneo la Gonarezhou, Zimbabwe ya leo, na akapewa jina mwaka 1971. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba samaki wa kundi hilo, hata wakilishwa vizuri na kutunzwa katika maji yasiyokauka, hawaishi zaidi ya majuma machache, karibu 12. Wanazeeka mbele ya macho ya mtu: rangi inafifia, mgongo unapinda, nguvu zinapungua.

Hilo liliwavutia wanaochunguza uzee wa binadamu. Panya wa maabara anaishi miaka 2 au 3, na utafiti wa uzee wake ni wa kungoja sana. Kwa samaki huyu, mtafiti anaona maisha yote katika msimu mmoja. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Stanford huko Marekani na jingine la Jena huko Ujerumani, yalitoa ramani kamili ya urithi wake wa chembe hai. Leo kuna maabara nyingi zinazomfuga.

Kabla ya hapo kulikuwa na faida nyingine iliyoonekana karibu na kwetu. Mwaka 1941 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala iliyowataja samaki hawa kuwa wenyeji wanaosaidia kupambana na malaria, kwa sababu wanakula viluwiluwi vya mbu. Dimbwi la mvua ni mahali ambapo mbu hupenda kutaga. Samaki wa mto hafiki hapo. Huyu ameshafika, yumo tangu siku ya kwanza ya maji. Hatoshi kuondoa malaria, na hakuna mtu anayepaswa kuacha chandarua kwa sababu yake. Lakini dimbwi lenye samaki wanaokula mbu na dimbwi lisilo nao si sawa.

Jinsi dimbwi linavyokufa

Mwaka 2021 Béla Nagy na Brian Watters walichapisha mapitio ya hali ya ukoo huu katika Afrika yote. Ukoo una aina zaidi ya 90, na walionyesha kwamba sehemu kubwa iko katika hatari ya kutoweka. Kuna aina zinazojulikana kutoka mahali pamoja tu, au kutoka madimbwi machache ya bonde moja. Mahali hapo pakiharibika, aina nzima imekwisha duniani.

Inafaa kueleza jinsi hilo linavyotokea, kwa sababu halifanani na uharibifu wa samaki wa ziwani. Ziwani mtu anaona nyavu zinarudi tupu. Mtoni anaona samaki wanaelea tumbo juu. Kwa dimbwi la msimu, mauaji hufanyika wakati wa kiangazi, pasipo na maji, na hakuna anayeona samaki hata mmoja aliyekufa.

Njia ya kwanza ni matofali. Udongo mzito wa dimbwi ndio huohuo unaotafutwa na wafyatua matofali. Kiangazi wanachimba, wanafyatua, wanachoma kwenye tanuru. Mayai yaliyokuwa ndani ya udongo yameingia ndani ya ukuta wa nyumba. Njia ya pili ni kujaza. Mji ukikua, kama Lubumbashi inavyokua, dembo inamiminiwa kifusi na kugawanywa viwanja. Njia ya tatu ni barabara: mfereji mmoja wa kutoa maji unatosha kukausha dimbwi kabla ya wakati, mwaka hadi mwaka, mpaka akiba ya mayai iishe. Njia ya nne ni sumu, iwe ya dawa za mashamba au ya maji machafu ya migodi ya shaba na kobalti yanayoingia mabondeni.

Njia ya tano inashangaza wengi, kwa sababu inafanywa kwa nia njema. Ni kulichimba dimbwi liwe refu ili maji yasikauke, kisha kuweka humo tilapia au kambale wa kufuga. Watu wanahitaji chakula, na bwawa la samaki ni mradi mzuri. Lakini samaki wa dimbwi la msimu hawezi kuishi katika maji ya kudumu. Mayai yake yamezoea kukaa nje ya maji kwa miezi kadhaa, na samaki wakubwa watamla yeye na watoto wake. Tone la mwisho linapokauka ndipo usalama wake unapoanza. Ukimpa maji mwaka mzima, umemwangamiza.

Katika bonde la Kilombero, Tanzania, ambako wanaishi aina kadhaa za ukoo huu, kilimo cha mpunga kimeenea kwenye tambarare za mafuriko. Hapo swali ni lilelile: watu wanataka kula, na ardhi tambarare yenye udongo mzuri ndiyo hiyo.

Waliokimbia na ardhi waliyoikuta

Katika Katanga historia ya madimbwi haiwezi kutenganishwa na historia ya vita. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai katikati ya mkoa yaliwaondoa makwao watu zaidi ya 100,000. Eneo la Manono, Mitwaba na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo. Kambi zilijaa Dubie. Wengine walikimbilia ziwa Upemba na kuishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, mahali ambapo hata kuwasha moto ni kazi.

Familia iliyokimbia haichagui ardhi. Inaonyeshwa mahali, au inakuta mahali. Na ardhi ambayo haina mwenyewe, ambayo haijalimwa wala kujengwa, mara nyingi ina sababu ya kuwa hivyo. Mwezi Agosti inaonekana nzuri: tambarare, haina miti ya kukata, udongo wake unafinyangika kwa matofali. Watu wanasimamisha mahema, wanajenga vibanda, wanachimba vyoo. Mwezi Januari maji yanarudi mahali pake. Yanaingia vibandani, yanajaza vyoo, na uchafu unachanganyika na maji ya kuchota. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Hapa ndipo samaki mdogo na familia iliyohama wanakutana katika jambo moja. Wote wawili wanaumizwa na mtu aliyetazama ardhi kavu akasema hakuna kitu. Mpima viwanja, kiongozi wa mtaa, shirika la misaada au mkandarasi anayefika katikati ya kiangazi na kuona uwanja mtupu, amesoma ukurasa mmoja tu wa mwaka. Udongo mweusi uliopasuka mapande makubwa, majani ya aina ya mafunjo yaliyokauka, maganda ya konokono juu ya ardhi: hizo ni alama kwamba maji hulala hapo. Mahali penye alama hizo panaweza kuwa pana mayai chini. Pana hakika pia kwamba mvua ikinyesha vizuri, mtoto aliyelala sakafuni ataamka amelowa.

Kwa hiyo kulinda madimbwi haya si kuwachagua samaki na kuwaacha watu. Kuhamisha kambi hatua mia kadhaa juu ya mteremko kunawafaa watu kwanza, na samaki wanapata faida bila kuongezewa kitu.

Yanayowezekana

Hakuna anayeweza kuwaambia wafyatua matofali waache kazi inayowalisha. Lakini udongo unaweza kuchukuliwa upande mmoja wa bonde, na sehemu ya katikati, panapokaa maji muda mrefu zaidi, ikaachwa bila kuguswa. Akiba ya mayai ikibaki hata katika sehemu ndogo, samaki watarudi.

Anayetaka bwawa la kufuga achimbe kando, pasipo na dimbwi la asili. Anayewapata samaki hawa wakati wa mvua asiwahamishe kutoka bonde moja kwenda jingine kwa kudhani anawasaidia. Kila bonde lina aina yake iliyokaa peke yake kwa muda mrefu, na kuzichanganya ni kuzipoteza.

Wanaopanga kambi, viwanja na barabara waulize wazee wa mahali kabla ya kupima: maji yalifika wapi mwaka wa mvua nyingi? Swali hilo halina gharama. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa mataifa unaolinda maeneo ya majimaji. Karatasi ipo. Lakini karatasi haiwezi kumwona mtu anayemwaga kifusi kwenye dembo mwezi Septemba. Jirani ndiye anayemwona.

Na walimu wa shule zilizo karibu na mabonde wana somo la bure. Mwezi Januari au Februari, wanafunzi wanaweza kwenda na chombo cheupe hadi dimbwi la mvua, wachote taratibu pembeni penye majani, watazame kama kuna samaki wadogo, dume la rangi na jike la kijivu, kisha wawarudishe majini. Waandike tarehe, mahali, na siku maji yalipokauka. Maandishi hayo yakifanywa miaka 5 au 10 na kuwekwa shuleni, kijiji kitakuwa na historia ya maji yake, iliyoandikwa na watoto wake na katika lugha wanayoielewa.

Mvua za Novemba zikianza, mayai yatakayoamka ni yale tu ambayo udongo wake haukuchimbwa kiangazi hiki. Muda wa kuamua ni sasa, kabla ya mvua, wakati madimbwi bado ni makavu.